Tuliuita Mchezo

Mwaka 2020 nilimkatalia mwanafunzi wangu mada ya mradi wake wa mwaka wa mwisho. Alikuwa kijana mpole wa Newala, aliyezoea kukaa safu ya nyuma na kuuliza swali moja tu kwa muhula. Pendekezo lake lilikuwa la kurasa tatu. Alitaka kuchukua programu ya kuwafundisha watoto kusoma na kuhesabu, iitwayo Kitkit School, ambayo msimbo wake ulikuwa umeachwa wazi kwa yeyote autakaye, kisha aitengenezee masomo ya mwanzo kwa Kimakonde. Niliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Hii ni michezo. Tafuta tatizo halisi." Akatafuta. Akatengeneza mfumo wa kutunza kumbukumbu za maktaba, wa nne au wa tano kwa mwaka ule, akapata alama nzuri, akahitimu. Mfumo ule haujafunguliwa tena tangu siku alipoutetea.

Nimeandika mara nyingi mahali hapa juu ya makosa ya wizara, ya halmashauri na ya wafadhili. Leo ni zamu ya kosa langu. Lakini ili lieleweke, sharti nieleze kwanza kilichokuwamo ndani ya zile kurasa tatu.

Kitkit School ilitengenezwa na watu wa gemu. Sooinn Lee na mumewe Gunho Lee walifanya kazi katika tasnia ya michezo ya kompyuta nchini Korea Kusini kabla ya kuhamia California. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa akiwa na mahitaji maalumu, nao walipotafuta vifaa vya kumsaidia kujifunza hawakuridhika na walivyovipata. Mwaka 2012 wakaanzisha kampuni ndogo iliyoitwa LocoMotive Labs, ambayo baadaye ilibadili jina ikawa Enuma. Kazi iliyowajulisha kwa walimwengu ni Todo Math, programu ya hesabu kwa watoto wadogo.

Mwalimu wa darasani ana kengele, ana daftari la mahudhurio na, tusidanganyane, ana kiboko. Mtengeneza gemu hana hata kimoja. Mchezaji akishindwa mara tatu bila kuelewa kwa nini ameshindwa, huweka kifaa chini na kwenda zake, na hakuna wa kumrudisha. Kwa hiyo mtu aliyekulia katika kazi hiyo hujifunza kuuliza kila dakika: anayecheza anajua afanye nini sasa? Akikosea, anaona kosa lake mwenyewe? Akipatia, anapata hamu ya kuendelea? Hayo ni maswali ya ualimu, yameulizwa na watu ambao wangekosa ugali kama wangeyajibu vibaya.

Mwezi Septemba 2014 taasisi ya Marekani iitwayo XPRIZE ilitangaza shindano kubwa. Timu zilitakiwa kutengeneza programu ambayo mtoto, bila mwalimu, angeweza kuitumia kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Zilijitokeza timu 198 kutoka nchi 40. Zikabaki tano, na kila moja ikapewa dola milioni 1. Enuma ilikuwa miongoni mwao kwa hiyo Kitkit School. Mwingine alikuwa onebillion, shirika la Uingereza lililokuwa limeanza kazi yake na watoto wa Malawi kwa lugha ya Kichewa. Mahali palipochaguliwa kuzijaribu programu zote tano ni mkoa wetu wa Tanga, na lugha iliyochaguliwa ni Kiswahili.

Kwa miezi 15, watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 hivi walitumia vishikwambi vilivyotolewa na Google, wakivichaji kwenye vituo vya umeme wa jua vilivyowekwa vijijini. Serikali yetu, UNESCO na Mpango wa Chakula Duniani walikuwa washirika wa kazi hiyo. Kabla ya kuanza, asilimia 74 ya watoto hao walielezwa kuwa hawajawahi kwenda shule, asilimia 80 kuwa hawajawahi kusomewa chochote nyumbani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni, idadi ya wasioweza kusoma neno lolote ilikuwa imepungua kwa nusu.

Sitaki kuitia chumvi takwimu hiyo. Kusoma neno si kusoma kitabu, na nusu iliyobaki ni watoto wengi. Shule haikufanywa kuwa kitu cha ziada kwa jaribio lile, na wala Enuma hawakudai hivyo. Lakini ni jambo zito kwamba mtoto asiyekuwa na mwalimu, asiyekuwa na kitabu, mwenye wazazi wasiosoma, alikaa chini ya mwembe na kifaa mkononi akaanza kuzitamka herufi. Tarehe 15 Mei 2019, mjini Los Angeles, Kitkit School na onebillion walitangazwa washindi wa pamoja, wakagawana dola milioni 10.

Magazeti yetu yaliripoti, tukafurahi kwa siku mbili tatu. Habari muhimu kuliko zote ilipita kimya: kwa masharti ya shindano, programu zote tano ziliwekwa wazi mtandaoni, msimbo pamoja na masomo ya Kiswahili, kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kuzichukua, kuzibadili na kuzigawa bila kulipa senti. Kazi ya miaka ya wahandisi, wachoraji na walimu iliachwa mlangoni bila kufuli. Mwanafunzi wangu alikuwa mmoja wa wachache waliopita wakaona mlango uko wazi. Mimi nilikuwa mtu aliyesimama hapo akamwambia arudi nyuma.

Kwa nini nilifanya hivyo? Nimejiuliza sana. Sababu moja imo ndani ya neno lenyewe. Kwa Kiswahili, mchezo ni kinyume cha kazi. Mtu asiye makini "anafanya mchezo", na jambo lisilofaa mzaha huambiwa "si mchezo". Nilipoona neno hilo katika pendekezo la kitaaluma, niliacha kusoma. Sababu ya pili ni Kimakonde. Kizazi changu kililelewa kuamini kwamba lugha za makabila ni za jikoni na za msibani, na kwamba kuzileta darasani ni kupanda mbegu ya ukabila. Siudharau msingi wa imani hiyo. Kiswahili kimetufanya taifa, na majirani zetu kadhaa wangependa kuwa nacho jinsi tulivyo nacho sisi. Lakini imani niliyoipokea bila kuihoji niliigeuza kuwa wino mwekundu kwenye karatasi ya kijana wa watu.

Novemba iliyopita nilikuwa Newala kwa shughuli ya kifamilia. Ulikuwa msimu wa korosho. Magunia yalikuwa yamepangwa hadi barazani kwenye ghala la chama cha msingi, na wakulima walikuwa wakiuliziana bei ya mnada uliopita. Nyuma ya mizani alikaa karani mmoja na kitabu chake cha stakabadhi. Aliinuka aliponiona.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Nilimtambua kwa sauti kabla ya sura. Nikamwuliza kama hiyo ndiyo kazi aliyoipata.

"Ya msimu," akasema. "Msimu ukiisha nashuka Masasi. Tuna kazi yetu kule."

Nilimwomba anieleze kazi hiyo ni ipi. Akasita kidogo, kama mtu anayepima iwapo nitacheka. Kisha akasema kwamba ni ile niliyoikataa.

Siku mbili baadaye tulishuka pamoja kutoka ukingo wa nyanda, tukiiacha Newala na baridi yake ya asubuhi, mpaka Masasi kwenye joto na vilima vya mawe. Kazi yao imo katika chumba cha nyuma cha duka la steshenari, pale watu wanapotoa nakala za vyeti na kupiga picha za pasipoti. Wako watatu. Yeye huandika msimbo. Wa pili ni dada mwalimu anayejitolea katika shule ya msingi, ambaye kwao wanazungumza Kimakua. Wa tatu ni mchoraji wa mabango ya maduka. Wana kompyuta moja ya mezani, laptopu moja ambayo betri yake haishiki chaji, na blanketi mbili nzito zilizotundikwa pembeni. Niliuliza blanketi ni za nini. Hapo ndipo wanaporekodi sauti, mvua isiponyesha. Ikinyesha, bati hulipiga kelele neno lote.

Walichokuwa nacho, baada ya takriban miaka miwili ya jioni na siku za Jumapili, ni somo moja la dakika nne.

Nilitarajia kukuta tafsiri. Nilidhani wametoa sauti ya Kiswahili wakaweka ya Kimakonde, maana hata mimi ningefanya hivyo. Kumbe hapo ndipo walipoanzia, na hapo ndipo walipokwama kwa miezi. Dada mwalimu ndiye aliyenieleza. Programu huonyesha vitu, hutaja idadi yake, na mtoto hugusa tarakimu inayolingana. Katika Kiswahili, tano hufuatwa na sita, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ambalo halimwambii mtoto lolote kuhusu tano. Lazima alikariri tu. Lakini katika Kimakonde cha wazee, sita husemwa "tano na moja". Saba ni "tano na mbili", na kadhalika hadi tisa. Kimakua na Kiyao, lugha za majirani wa Masasi, hufanya vivyo hivyo. Ndani ya jina la namba mna hesabu ya kujumlisha, na hesabu hiyo ni ya mkono: kiganja kamili na kidole kimoja.

"Kwa hiyo kubadili sauti tu isingetosha," alisema. "Picha zilikuwa zinasema jambo moja na bibi anasema lingine. Ilitubidi tubomoe somo lote."

Wakalibomoa. Mchoraji alichora mkono, vidole vitano vimenyooka, kisha kidole cha sita kikatokea upande wa pili. Sauti ni ya bibi yake karani, aliyeletwa kutoka Newala kwa bodaboda na basi akakaa chini ya blanketi asubuhi nzima, akilalamika joto. Walikuwa wamelijaribu somo hilo Newala kwa mtoto wa dada yake karani, mwenye miaka saba, anayejua Kiswahili cha kutosha kutumwa dukani lakini ambaye "sita" na "saba" za shuleni zilikuwa zikimchanganya. Alipomsikia bibi akisema tano na moja, alifungua kiganja kizima, akainua kidole cha mkono wa pili, akagusa tarakimu. Haukuwa muujiza. Jambo hilo alilijua tayari. Ni kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza kwa lugha anayolijua nalo.

Nilisimama mle chumbani nikiona haya. Hilo walilolifanya ni utafiti. Lina swali, lina jaribio, lina kushindwa na kuanza upya, na lina matokeo yanayoweza kupingwa. Nimewahi kupitisha tasnifu zenye upungufu wa vyote hivyo. Nami nilikuwa nimeandika kwamba si tatizo halisi.

Tulipokaa kunywa chai nilianza hotuba yangu ya kawaida. Nikasema kwamba haya ni mambo yaleyale ya korosho: tunatoa ghafi, wengine wanabangua, tunauziwa iliyobanguliwa. Tanga ilitoa watoto, ikatoa lugha, ikatoa vijiji vya kujaribia. Ufundi na fedha vikabaki kwa wenyewe. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa huku kusini vikaja kugeuka maghala, na sisi tumebaki na hadithi ya kunyonywa. Niliisema vizuri, kama ninavyoisema darasani.

Karani alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Mwalimu, mimi napima korosho kila siku," akasema. "Korosho ukiiuza imekwenda. Msimbo wameuacha. Tumeuchukua sisi, na wao bado wanao, na wewe ukiutaka leo utaupata. Hapa hatukunyang'anywa kitu. Ila hatukuja kuchukua."

Sikuwa na jibu, na sina mpaka sasa. Mfano wa korosho umetusaidia sana wasomi wa kusini. Umetupa lugha ya kulalamika kwa haki. Lakini hapa haufai. Hapa kilichokosekana ni watu wa kukaa pamoja katika chumba kimoja, muda mrefu, wakilipwa wakati bado wanakosea. Studio ya gemu ni hiyo tu. Vifaa hununuliwa na msimbo hupatikana bure, lakini miaka ya kukosea hugharimu, na sharti awepo wa kuilipia.

Historia ya wenzetu barani inathibitisha hivyo. Wesley Kirinya wa Kenya alitoa mwaka 2007 gemu lake la Adventures of Nyangi, wakati ambapo hapakuwa na soko wala shule ya kazi hiyo katika eneo letu. Mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti Arts, wakigawana kazi kati ya Nairobi na Accra, wakitafuta mashujaa katika hadithi za Kiafrika. Kule Kameruni, Olivier Madiba alianza kuliwaza gemu lake la Aurion mwaka 2003. Studio yake ya Kiro'o ilifunguliwa Yaoundé mwaka 2013, na gemu lenyewe likatoka 2016. Hesabu miaka hiyo: ni 13. Katika miaka 13 sisi huwa tumebadili mitaala, tumefungua na kufunga miradi kadhaa ya wafadhili, na kila mradi umeandika ripoti ya mafanikio.

Wala hatuwezi kusingizia vifaa. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi ile. Dada mwalimu alinionyesha kimoja cha shuleni kwake. Hutumika hasa kwa kujaza taarifa na kupokea miongozo. Hivyo basi mikoani mwetu tuna kifaa mkononi mwa mwalimu, tuna programu iliyoshinda dunia ikiwa kwa lugha yetu ya taifa, na tuna kijana anayeweza kuifungua na kuibadili. Vitatu hivyo havijawahi kukutanishwa na mtu mwenye mamlaka ya kuvikutanisha. Vimekutana nyuma ya steshenari.

Najua hoja itakayofuata, kwa sababu nimewahi kuitoa mimi mwenyewe: sera inasema shule za msingi za umma hufundisha kwa Kiswahili. Ni kweli, na vijana wale hawaipingi. Somo lao linaanza kwa sauti ya bibi na kuishia kwa Kiswahili. Mtoto akishaona kwamba tano na moja ni kiasi gani, huambiwa kwamba shuleni kiasi hicho huitwa sita. Kimakonde hapo ni ngazi. Mwaka 2009 Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa atlasi ya lugha zetu, na taifa halikugawanyika kwa kuwa na ramani ya lugha zake. Sidhani kama litagawanyika kwa mtoto wa Newala kujua kuhesabu.

Kwa wanafunzi wanaonisoma: zile programu tano bado zipo, na pendekezo la kuzirekebisha kwa ajili ya watoto wa kwenu halitakutana tena na wino wangu mwekundu. Nimewaandikia wenzangu idarani kuomba kazi ya namna hiyo ihesabiwe kuwa mradi halali wa mwaka wa mwisho, na kwamba mwanafunzi aruhusiwe kuendeleza kazi ya aliyemtangulia badala ya kuanza upya mfumo wa maktaba. Bado sijajibiwa. Kwa watumishi wa umma: ofisa elimu hahitaji bajeti mpya kuruhusu darasa moja, mchana mmoja kwa wiki, litumike kwa majaribio ya kazi kama hii, kisha aende akatazame mwenyewe. Anachohitaji ni kutolikimbia neno mchezo.

Kabla sijaondoka Masasi nilimwomba karani radhi. Nilikuwa nimeyaandaa maneno njiani; yakatoka mafupi kuliko nilivyopanga. Alitabasamu akasema yamepita, kisha akanirudisha kwenye laptopu, akiwa ameishikilia waya wa chaji kwa kidole ili usichomoke. Alitaka maoni yangu kuhusu kumi, kwa sababu hapo mkono wa pili unajaa na wazo la tano na kitu linafika mwisho, na hawajakubaliana jinsi ya kulionyesha. Tulibishana hadi jioni. Somo la pili bado halina sauti. Bibi ameahidi kushuka tena msimu ukiisha, ila safari hii ametaka feni.